Maji ya Ozi Huzaliwa Mlimani

Mtu wa pwani akisema anakwenda mlimani, watu wa barazani humtazama kwanza usoni, kisha miguuni, halafu hucheka. Mimi nilichekwa. Tulikuwa tumeketi barazani Lamu baada ya sala ya Alasiri, kahawa tungu ikizunguka, nilipotangaza kwamba mwezi wa Februari, mwaka 2023, nitaupanda Mlima Kenya pamoja na mpwa wangu. Mzee mmoja aliyekuwa nahodha katika ujana wake aliniuliza iwapo huko juu kuna samaki. Mwingine alisema kwamba mtu wa miaka 58, mwalimu aliyestaafu, tena mwenye goti linalolia kila akipanda ngazi, hana la kutafuta katika barafu isipokuwa mauti.

Sikuwajibu, kwani sababu yangu haikuwa ya kusemwa barazani. Lakini leo nitakueleza wewe, msomaji.

Dada yangu ameolewa Ozi, kijiji kilicho karibu na Kipini, pale Mto Tana unapokutana na bahari. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa mpunga. Mpunga wa huko hautaki mashine ya kuvuta maji. Bahari ikijaa huusukuma mto nyuma, na maji matamu ya mto hupanda mashambani yakanywesha mimea. Bahari ikitoka, maji nayo hurudi. Ndivyo walivyolima mababu. Lakini miaka hii mto hupungua nguvu wakati wa kiangazi, na bahari ni kama jirani asiye na haya: ikiuona mlango haukufungwa, huingia. Maji yaliyopanda shambani kwa dada yangu yalikuwa ya chumvi. Mpunga ukageuka rangi ya makuti, na miembe ikakauka ingali imesimama.

Mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 24, alikuwa amekwisha kutafuta pasi ya kusafiria ili aende Arabuni kufanya kazi. Mama mtu aliniita nizungumze naye. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwa ukavu: "Mjomba, mto umekufa. Mtu hakai kulinda maiti."

Sikuwa na jibu. Nimesomesha jiografia zaidi ya miaka thelathini. Mto Tana nimeuchora ubaoni mara zisizo na hesabu, kutoka Mlima Kenya na Nyandarua hadi Kipini, mwendo wa karibu kilomita 1,000, lakini sikupata hata siku moja kuuona pale unapoanza. Nikamwambia, "Basi kabla hujasafiri, twende tukamtazame huyo maiti kichwani. Tukimkuta amekufa na huko, tikiti ya ndege nitakununulia mimi mwenyewe."

Alicheka, akakubali. Hiyo ndiyo sababu.

MLIMA WENYEWE

Ni vizuri nieleze kwanza mlima ulivyo, maana wengi wetu tunauona katika picha na katika noti tu. Mlima Kenya uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na katika Afrika nzima hakuna unaouzidi isipokuwa Kilimanjaro. Zamani ulikuwa volkeno. Moto wake ulizimika, kingo zake zikaliwa na barafu na mvua, ukabaki mfupa wa jiwe uliosimama katikati. Vilele viwili vya mfupa huo ndivyo virefu zaidi: Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Hivyo havipandwi ila kwa kamba na ujuzi. Cha tatu ni Lenana, mita 4,985, nacho hupandwa na mtu wa kawaida mwenye pumzi na subira. Majina hayo matatu yametokana na majina ya viongozi wa kidini wa Kimaasai. Wakikuyu huuita mlima Kirinyaga.

Tuliuanza kwa upande wa mashariki, kupitia Chogoria. Nilichagua njia hiyo kwa makusudi, kwani ndiyo inayofuata bonde la Mto Nithi, na maji ya Nithi hatimaye huingia Tana. Tuliajiri kiongozi wa njia na wapagazi wawili, wote wenyeji wa Chogoria. Mimi nilivaa koti zito la mitumba nililolinunua Kongowea, na ndani yake fulana tatu. Chakula tulibeba chetu: mchele, tende, tangawizi na ng'onda. Siku ya kwanza kiongozi alishika pua kwa harufu ya ng'onda, siku ya tatu alikuwa akiniuliza, "Mwalimu, yule samaki wenu bado yupo?"

Siku ya kwanza tulipita msituni, penye miti mikubwa na mianzi iliyofungamana kama makuti ya paa, na njiani tukaona kinyesi cha ndovu kikitoa moshi kwa ubichi wake. Tulilala karibu na lango la mbuga, kiasi cha mita 2,950. Siku ya pili msitu uliisha ghafla, tukaingia katika nchi ya nyasi na vichaka vya rangi ya kijivu, na alasiri tukafika Ziwa Ellis, lililo kiasi cha mita 3,470 kutoka usawa wa bahari.

Hilo lilikuwa ziwa letu la kwanza. Mtu aliyezaliwa kando ya maji akifika penye maji hutega sikio, maana bahari haikai kimya hata siku moja. Ziwa lile halikusema neno. Upepo ulipotulia lilikuwa kama sinia ya fedha iliyowekwa chini na kusahauliwa. Mpwa wangu alirusha kijiwe, si kwa mchezo, bali kwa kutaka tu kusikia kitu.

Usiku ule baridi ilitushika kwelikweli. Alfajiri niliamka nitie udhu, nikalitikisa birika, birika likakaa kimya. Maji yalikuwa yameganda jiwe. Tayamamu haikutuhusu, kwa kuwa jiko la gesi tulikuwa nalo. Tuliliweka birika motoni tukasubiri. Kibla hakikutupa taabu. Kutoka mlima ule Makka iko upande wa kaskazini hasa, ikielekea mashariki kidogo tu. Na sisi watu wa mwambao, tangu zamani kaskazini ndiyo tunayoiita kibla.

Nilipokuwa nikilitazama lile birika nilikumbuka kisa alichoandika Mwingereza J. W. Gregory, mtaalamu wa miamba, aliyeupanda mlima huo mwaka 1893 akiwa na wapagazi wa Kizanzibari. Asubuhi moja wapagazi walimjia wakamwambia kuwa maji waliyoyaacha katika sufuria yamerogwa: yamekuwa meupe, hayatikisiki, na ukiyapiga kwa fimbo fimbo haiingii. Aliwaambia wayatie motoni. Waliosoma kisa hicho Ulaya walicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri habari ya mtu aliyetoka Unguja, peku, na shuka moja begani, akisimama mahali ambapo hata maji yameacha kuwa maji, na bado akaubeba mzigo wake.

KOSA LANGU

Siku ya tatu njia ilishika mgongo wa mlima, na upande wetu wa kushoto bonde likafunguka. Ni bonde la kutisha, lenye kuta za jabali zilizosimama wima, na wazungu waliliita Gorges. Mbali chini, maporomoko yalikuwa yakitiririka kama uzi mweupe. Kiongozi alinyosha mkono. "Nithi huyo," akasema.

Jioni tulifika penye vidimbwi viitwavyo Hall Tarns, kiasi cha mita 4,300. Hapo ukitambaa mpaka ukingoni mwa genge unaona, mita 300 hivi chini yako, Ziwa Michaelson, la kijani kibichi, limefungwa na kuta pande tatu. Mpwa wangu alilala kifudifudi akalitazama kwa muda mrefu bila kusema. Kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma, lakini hakunieleza.

Kiongozi alinishauri tupumzike siku nzima kabla ya kwenda kileleni. Alieleza kwamba hewa ya huko ni nyepesi, na mwili unataka muda wa kuizoea. Asiyeupa muda hushikwa na maradhi ya kimo, na maradhi hayo huweza kuua hata kijana mwenye afya. Nikakataa. Jumamosi yake kulikuwa na harusi Lamu, nami nilikuwa nimeahidi kuhudhuria. Nilimwambia, "Sisi tuna nguvu, twende usiku huu huu." Kosa lilikuwa langu, wala simbebeshi mtu mwingine.

Tuliondoka saa nane za usiku, na tochi vichwani. Mpwa wangu alitangulia. Alikwenda kama aendaye kushika daladala, nami nyuma nikijikokota, hatua moja na pumzi mbili. Njia ilikuwa ya kokoto zinazoteleza: unapanda hatua mbili, unarudishwa moja. Baada ya saa moja na nusu nilimkuta ameketi juu ya jiwe. Alikuwa ametapika. Alipoinuka, miguu yake ilipishana kama ya mlevi, naye hajaonja ulevi maishani mwake. Nilimuuliza jina la mamake, akakawia kulijibu.

Kiongozi alimmulika machoni, akanigeukia. "Huyu ashuke sasa hivi. Si asubuhi. Sasa."

Kijana akashika mkono wangu. "Mjomba, wewe endelea. Mimi nitashuka na mpagazi. Umetoka mbali."

Nitasema ukweli, msomaji. Nilitazama juu. Anga lilikuwa safi, nyota zimekaribia kama taa za mashua za uvuvi usiku wa giza, na Lenana ilionekana wazi, nyeusi, kana kwamba ningeweza kuigusa. Goti langu lilikuwa halijalia. Moyo uliniambia kuwa nafasi kama ile hairudi, na kwamba mpagazi ni mtu mwaminifu, anajua kazi yake. Nilisimama pale kwa muda ambao hadi leo ninaona haya kuukumbuka.

Kisha nikamkumbuka yule nahodha wa barazani. Siku moja alitusimulia jinsi alivyoiona bandari kwa macho yake, taa zake zikiwaka, akageuza chombo kwa sababu baharia mmoja alikuwa ameanguka majini nyuma. Tulimuuliza kama hakuogopa kuikosa bandari. Akasema, "Bandari haihami."

Mlima nao hauhami. Na yule kijana alikuwa amana ya dada yangu. Tuligeuka.

KANDO YA ZIWA MICHAELSON

Tulishuka mpaka kambini, na kulipopambazuka tukaendelea kushuka, polepole, kwa njia ya mteremko mkali, mpaka ziwani, kiasi cha mita 3,950. Kila tulipopungua kimo, uso wa kijana ulirudi rangi. Adhuhuri aliomba chai ya tangawizi. Alasiri aliomba wali. Nilitoka nje ya hema, nikakaa nyuma ya jiwe, nikamshukuru Mola kwa machozi ambayo sikutaka ayaone.

Harusi ya Lamu nilikuwa nimekwisha kuikosa, hivyo haraka ilikuwa imekufa. Tulikaa kando ya ziwa lile siku hiyo nzima na nusu ya siku iliyofuata, na sasa naona kwamba safari yote ilikuwa kwa ajili ya hapo.

Pande zote kulikuwa na mimea ambayo mtu hawezi kuiamini. Kulikuwa na mimea iitwayo lobelia, mingine mirefu kuliko mtu, mingine mifupi na ya mviringo kama kabichi kubwa. Ile ya mviringo hukusanya maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji hayo huganda, na ile barafu ya juu huwa kama blanketi, chipukizi la ndani lisiungue kwa baridi. Asubuhi jua likitoka mmea hufunguka. Chozi, ndege yule mdogo tunayemjua hata huku pwani, alikuwa akiruka kutoka ua hadi ua. Pimbi walikuja kuota jua juu ya majabali, wanene, hawana hofu, wakitutazama kama wazee wa mtaa wanavyotazama wageni.

Mwisho wa ziwa, upande wa mashariki, maji hutoka. Hutoka kimya kimya, kati ya mawe mawili, upana ambao mtoto angeweza kuuruka. Huo ndio Nithi.

Mpwa wangu alikwenda akachutama pale. Alivua glavu, akateka kwa kiganja, akaonja. "Hayana chumvi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea.

Alimuuliza kiongozi kama ni barafu ya juu inayoyeyuka na kuleta maji yale. Kiongozi alimfundisha vizuri kuliko nilivyopata kufundisha mimi. Alisema barafu iliyobaki ni kidogo mno, mchango wake mtoni ni mdogo. Kinachoulisha mto ni mvua na ukungu vinavyonaswa na mlima. Alimshika mkono akamkanyagisha penye nyasi nene zilizojaa maji. Mguu ukazama, na alipouinua, maji yakajaa pole pole katika unyayo. "Hii ni sponji," akasema. "Na ule msitu tuliopita ni sponji nyingine, kubwa zaidi. Mvua ya miezi michache hushikwa hapa, ikaachiliwa kidogo kidogo mwaka mzima. Mtu akikata msitu, akachoma nyasi, maji yote hushuka siku moja kwa hasira, kisha hakuna tena."

Kijana alinyamaza, akafikiri. Akaniambia, "Mjomba, kumbe kichwa ni kizima. Ugonjwa uko mwilini."

Nilimwambia ndivyo. Kati ya kichwa kile na Ozi mto una kazi nyingi: unanywesha miji, unanywesha mashamba, na katika mkondo wake mkuu umefungwa kwa mabwawa matano ya umeme, la Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 na la Kiambere mwaka 1988 yakiwa miongoni mwake. Taa za Mombasa zimewashwa na mto huo. Hakuna anayesema zizimwe. Lakini mtu wa mwisho katika foleni ya maji ni mkulima wa Kipini, na wa mwisho, aghalabu, hupata masalio.

WATU WETU WALIOBEBA

Jioni ile, tukiota moto wa jiko, nilimsimulia habari nyingine, kwani sikutaka adhani sisi ni watu wa kwanza kutoka mwambao kulala chini ya vilele vile.

Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alipanda gari la moshi kutoka Mombasa, reli ikiwa imefika Nairobi mwaka huo huo. Msafara wake ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Nchi waliyoipitia ilikuwa na njaa na maradhi. Walipofika chini ya mlima mwezi wa Agosti chakula kilikuwa hakipatikani. Watu wawili wa msafara waliuawa na wenyeji, na ikabidi mtu atumwe mpaka Naivasha kuomba msaada. Watafiti waliochunguza karatasi za msafara ule miaka mingi baadaye wameandika pia kwamba wapagazi wanane wa Kiswahili walitajwa humo kuwa walipigwa risasi kwa amri. Tarehe 13 Septemba, saa sita za mchana, Mackinder na waongozi wake wawili wa milima kutoka Ulaya, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya Batian. Hakuna aliyejulikana kufika hapo kabla yao.

Leo bonde moja la mlimani lina jina la Mackinder. Mwenzake Hausburg ana bonde lake. Hata wale waongozi wawili, ambao nao walikuwa watu wa kuajiriwa, kila mmoja alipewa barafu: moja César, nyingine Joseph. Ya wale 66, hakuna hata kidimbwi.

Mpwa wangu aliuliza, "Hawakuwa na majina?"

"Walikuwa nayo," nikamwambia. "Walikuwa na mama waliowangojea Unguja na Mombasa, kama mamako anavyokungojea wewe."

Kiongozi alikuwa akisikiliza. Akasema kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa wazungu mlimani, na jina lake pia haliko katika ramani. Akacheka kidogo, akamimina chai. Nilihisi kwamba tangu dakika hiyo hatukuwa tena wageni wake.

Kabla ya kuondoka kijana alijaza chupa moja katika mdomo wa Nithi, akaifunga vizuri, akaitia ndani ya mfuko wake wa kulalia isigande.

KILELENI

Siku ya tano mchana tulirudi Hall Tarns, mwendo wa konokono, tukinywa maji kila mara. Kiongozi alimkagua kijana kama daktari. Hakuwa na maumivu, alikula, akalala. Saa nane za usiku tukaanza tena, na safari hii mimi ndiye niliyetangulia, ili mwendo uwe wa mzee.

Tuliuvuka mteremko wa kokoto, na tulipopita lile jiwe alilotapikia hatukusema kitu. Tulipita Square Tarn, kidimbwi kilichoganda juu mpaka mwanga wa tochi ulirudi machoni. Chini kidogo, upande mwingine wa kilango, kuna Simba Tarn, mojawapo ya majina machache ya Kiswahili niliyoyasikia huko. Baadaye, zaidi ya mita 4,700, tulifika Harris Tarn. Hapo palikuwa na utulivu, na alfajiri ilikuwa imeingia. Tulisali kando ya maji, sisi wawili, juu ya shuka iliyokuwa ngumu kwa baridi, tumeelekea kaskazini, na kilele kiko nyuma yetu. Kiongozi na mpagazi walikaa kando wakatungojea. Maishani nimesali katika misikiti mingi mizuri. Sijasali mahali palipokuwa kimya zaidi.

Kutoka hapo kutembea kuliisha, kazi ikawa ya kuparamia. Mtu hutumia mikono kama miguu: unashika jiwe, unalijaribu kwanza kama limekaa, kisha ndipo unampa uzito wako. Penye hatari zaidi pamewekwa nyaya na vishikio vya chuma, baridi yake ikapenya glavu. Goti langu sasa lilianza kulia, tena kwa sauti. Mpwa wangu alikuja chini yangu, akawa anaushika mguu wangu na kuuweka penye nafasi moja moja, akisema, "Hapo, mjomba. Sasa ule wa kulia. Hapo." Ndipo nilipofahamu ni nani aliyekuwa amana ya nani.

Saa kumi na mbili na nusu, jua likichomoza, tulikuwa Lenana.

Mashariki mawingu yalikuwa yametandazwa chini yetu kama bahari ya kaskazi, na upande huo huo, mbali kuliko macho yanavyoweza, iko Kipini. Kusini, zaidi ya kilomita 300, Kilimanjaro ilielea kama kisiwa. Magharibi, karibu nasi, Nelion na Batian zilishika moto wa asubuhi. Na katikati, chini ya miguu yetu, ilikuwapo barafu ya Lewis, chafu, nyembamba, imekunjamana kama ngozi ya mgonjwa. Wapimaji wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake, na tangu hapo imezidi kwisha kwa sababu ya kuongezeka kwa joto la dunia. Pale ambapo watu wa Mackinder walitembea juu ya barafu, sasa kuna jiwe tupu. Nilimwonyesha mpwa wangu, nikamwambia huenda wanawe wasiione.

Hatukukaa zaidi ya robo saa, kwani vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Tulisoma Fatiha kwa ajili ya babake, na ya pili kwa ajili ya wale wasio na majina. Kisha tukashuka kwa upande wa Sirimon, na siku ya pili yake tukaingia Nanyuki, tumebabuka nyuso kama wavuvi wa Faza.

CHUPA

Dada yangu aliipokea chupa kwa mikono miwili. Aliyachemsha maji kama nilivyomwomba, akayaacha yapoe, akasema Bismillahi, akanywa mafunda matatu. Yaliyobaki aliuwekea mche wa mwembe alioupanda mahali pa ule uliokauka. Aliniuliza, "Na ndiyo hayo hayo?" Nikamwambia, "Ndiyo hayo hayo. Ila hayakupitia njiani."

Utapenda kujua kama kijana alibaki. Hakubaki. Mwishoni mwa mwaka ule wa 2023 alikwenda Arabuni kwa mkataba wake, na tikiti alijinunulia mwenyewe, kwa kuwa tuliyemtazama kichwani hakuwa maiti, na sharti ni sharti. Simlaumu. Tumbo halingoji mto upone. Lakini wanakijiji walipoanza mchango wa kuinua tuta la kuzuia maji ya bahari yasiingie mashambani, fedha zake zilifika kabla ya za baadhi yetu tulio hapa hapa.

Na kila akipiga simu, akimaliza salamu, swali lake ni moja: "Mjomba, maji yana chumvi?"

Miezi mingi nilimjibu kwamba yanayo. Mwezi wa Mei, mwaka 2024, mvua zilipokuwa nzito na Tana ikafurika, nilikuwa Ozi kwa dada yangu alipopiga. Nilitoka nje, nikachutama, nikateka kwa kiganja kama alivyofanya yeye ziwani, nikaonja.

"Ni matamu," nikamwambia. "Na yamefika mlangoni."